Mpaka Kaka Aseme

Kambi ya Nkonze
Jumanne, 11 Juni 2024

Elida,

Umeifunga namba yangu. Siku tano napanda kilimani kutafuta mtandao, nakupigia, simu inakatika kabla haijaita. Sawa. Leonardi anakuja Ujiji na boti ya dagaa, atakukabidhi barua hii mkononi. Barua huwezi kuifunga.

Nataka unijibu jambo moja. Mama ameanguka Jumatano asubuhi. Leonardi, ambaye habari za mama yangu amezipata mwaloni kwa watu baki, anasema amefikishwa hospitali Alhamisi. Mchana kutwa na usiku kucha Mama amelala mkekani hapo Kasingirima, mdomo umepinda, mkono umekufa, na wewe upo. Wewe mwalimu, uliyesomeshwa kwa dagaa hawa hawa ambao ukija kambini unaziba pua. Kutoka mlangoni kwenu hadi hospitali ni robo saa kwa bajaji. Ulikuwa unangoja nini?

Mimi ujumbe wako nimeuona jioni. Ningeuona asubuhi ningekuja hata kwa kuogelea.

Sasa sikia. Mtoe huko. Kuna mzee mmoja kule Kidahwe ananyoosha viungo kwa mawese ya moto. Shemeji wa msimamizi wangu Ndikumana alipelekwa pale amebebwa na leo analima. Mke wangu Recho atatoka Mwandiga kukusaidia kumbeba. Mimi siwezi kuondoka, ni siku za giza la mwezi, vipe vyangu vyote viwili, mitumbwi yangu ya kuvulia, viko majini kila usiku na dagaa wanaifuata taa. Mwezi ukijaa nitafunga kambi na kuja. Mpaka hapo Mama asichomwe sindano wala asihamishwe bila mimi kusema.

Kaka yako,
Jonathan


Kasingirima, Ujiji
Alhamisi, 13 Juni 2024

Kaka Jonathan,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu Mama ndiye aliyetufundisha kuanza hivyo. Sina sababu nyingine.

Umeuliza nilikuwa nangoja nini. Nilikuwa nakungoja wewe.

Jumatano tarehe tano, saa moja na dakika ishirini asubuhi, Mama alikuwa uani anakoroga sabuni yake ya mawese. Mwiko ukamponyoka. Akainama kuuokota kwa mkono wa kulia, mkono ukapita pembeni ya mwiko mara tatu. Nikamwuliza, "Mama, vipi?" Akanijibu kitu ambacho si Kiha wala Kiswahili, na alivyonitazama nikajua anadhani amenijibu vizuri. Upande wa kulia wa mdomo ulikuwa umeshuka. Nilikuwa nimeshavaa viatu vya shule. Jirani yetu Wilfred alikuwa getini na bajaji yake, inanguruma.

Saa moja na dakika thelathini na moja nilikutumia ujumbe. Saa mbili na dakika thelathini na tano ulijibu. Ninao, naunakili kama ulivyo: "Ni uchovu na moshi wa sabuni. Mfunike, mpe uji wa moto, apakwe mawese. Asipelekwe popote mpaka niseme." Asubuhi, Kaka. Saa ile ile unayopanda kilimani kila siku kuuliza bei ya dagaa mjini. Hiyo jioni yako imetoka wapi?

Wilfred aliniuliza mara mbili, "Mwalimu, twende?" Nikamwambia, "Ngoja, kaka yangu aseme kwanza." Akazima bajaji. Alikaa pale getini saa nzima bila kuchukua abiria, halafu akaenda kazini.

Nikampa uji, kama ulivyoagiza. Akapaliwa. Nikampa tena jioni. Usiku akaanza kupumua kwa kukoroma, na ilipofika asubuhi nikamwita Wilfred, nikampeleka bila neno lako. Saa mbili na nusu tulikuwa hospitali. Siku nzima na saa moja na dakika kumi zimepita tangu mwiko uanguke.

Swali la kwanza la Daktari Dismasi halikuhusu presha. Aliuliza, "Mara ya mwisho mlimwona mzima saa ngapi?" Nilipomwambia, akaweka kalamu mezani. Hakunigombeza. Alinieleza tu, na mimi nakueleza wewe, usome polepole. Hiki ni kiharusi. Mshipa wa damu kichwani umeziba, au umepasuka, na ubongo usiopata damu unaanza kufa pale pale. Kwa macho huwezi kujua ni kuziba au kupasuka, mpaka kichwa kipigwe picha. Kama umeziba, ipo dawa ya kuyeyusha donge la damu, lakini inachomwa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Saa hizo zikipita, dawa hiyo hiyo inaweza kumvujisha damu ubongoni. Picha ya Mama inaonesha mshipa umeziba.

Na ule uji uliingia kwenye mapafu. Homa anayotibiwa sasa ni ya uji. Mtu wa namna hii hapewi chakula, hapewi maji, hapewi hata kidonge, mpaka wamjaribu kama koo linameza.

Leo anaamka, anatutambua. Neno lililobaki mdomoni ni moja, sabuni. Ukimwuliza kama ana njaa anasema sabuni. Muuguzi akimgeuza anasema sabuni, kwa adabu kabisa, kama anasema asante. Jana ameuona mkono wake wa kulia juu ya shuka, akaushika kwa wa kushoto, akauweka pembeni kama kitu cha mtu mwingine.

Kidahwe haendi.

Elida


Kambi ya Nkonze
Jumamosi, 15 Juni 2024

Elida,

Nimesoma. Sawa, nilijibu asubuhi. Nilikuwa na wanunuzi wawili kwenye simu, ujumbe wako ukaingia katikati, nikaujibu nilivyojua. Ningejuaje? Ungeniandikia "anakufa" ningesema mpeleke. Uliandika "Mama hajisikii vizuri, anaongea ovyo, mkono hauna nguvu". Watu wangapi wanaongea ovyo?

Unaandika kama vile mimi nilizaliwa nikitaka kutoa amri. Ulikuwa darasa la tatu baba zetu wadogo walipombeba Baba kumpeleka Tabora bila kunipa habari. Nilikuwa ziwani. Nimerudi, nikaoneshwa kaburi, na hata ugonjwa sikuambiwa ni upi. Mama mwenyewe ndiye aliyesema siku ile, mbele ya ukoo, kwamba kuanzia leo hakuna mtu wa nyumba hii atakayehamishwa bila Jonathan kusema. Uliisikia. Usinibebeshe peke yangu.

Hata hapa kambini ni hivyo hivyo. Mashine haiwashwi wala petroli haitoki stoo bila neno langu, ndiyo maana miaka kumi na nne sijapoteza mtumbwi wala mtu. Watu wanaanguka hapa kila msimu. Unawamwagia maji, wanakaa kivulini, wanaamka. Juzi Alhamisi mimi mwenyewe kikombe cha chai kimenidondoka, mkono wa kulia ukafa ganzi mpaka begani, ulimi ukawa mzito kama nimeshinda kwenye pombe. Nimekaa juu ya jiwe. Robo saa, mkono umerudi, nimemiminiwa chai nyingine na kazi imeendelea. Sikupigwa picha kichwani. Ukiona herufi zimelala ni vidole bado vinaona uvivu, usije ukadhani nalia.

Mwambie Mama naja mwezi ukijaa. Na uifungue namba yangu.

Jonathan


Kasingirima, Ujiji
Jumatatu, 17 Juni 2024

Kaka,

Panda boti ya Leonardi inayokuletea barua hii ikigeuza. Usimalize kusoma, panda.

Kikombe chako na mwiko wa Mama ni ugonjwa mmoja. Nimemwonesha Daktari Dismasi mstari ule wa barua yako. Amesema mshipa uliziba ukafunguka wenyewe, na kwamba ukishafanya hivyo siku za karibu ndizo za hatari zaidi. Mkono kurudi siyo kupona. Unahitaji kupimwa na kupewa dawa leo, wakati unatembea kwa miguu yako. Una presha tangu mwaka juzi na vidonge uliviacha kwa sababu vinakukojoza. Recho ameniambia.

Sina nguvu ya kubembeleza. Mama amelala mbele yangu ninapoandika.

Elida


Kasingirima, Ujiji
Jumatatu, 17 Juni 2024

Ndugu Ndikumana,

Amahoro. Hii ni barua yako, usimpe Jonathan. Naandika haraka, Leonardi ananisubiri mwaloni.

Nimemwita kaka aje apimwe. Namjua, atasema baada ya giza. Kwa hiyo nakuomba umtazame. Akipata ghafla moja kati ya haya, uso kushuka upande mmoja, mkono au mguu kukosa nguvu, au maneno kukorogeka, usimwulize anajisikiaje. Mwambie acheke uone mdomo. Mwambie anyanyue mikono yote miwili uone kama mmoja unashuka. Mwambie ataje jina lake na la mama yake. Kimoja tu kikikosea, huo ndio ugonjwa. Tazama saa, uiandike kwenye barua pamoja na saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, barua hiyo aishike anayemsindikiza. Asile, asinywe, asipewe kidonge, asikandwe. Mlazeni kwa ubavu. Boti iondoke wakati huo huo, iende moja kwa moja mpaka mwalo wa Ujiji, na wewe upande kilimani unipigie.

Nyote hapo mmezoea kungoja neno lake. Ugonjwa huu unaanza kwa kuchukua neno. Mama alikuwa mzungumzaji kuliko wote nyumbani kwetu, na kwa kungoja huko nimemharibu. Usifanye nilichofanya mimi.

Mwalimu Elida


Nkonze
Jumatano tarehe 19 Juni 2024, saa 1 na dakika 55 asubuhi

Mwalimu,

Amahoro. Naandika nimesimama, samahani mwandiko.

Tajiri alikuwa mzima saa 1 na dakika 40. Nina hakika, kwa sababu alikuwa anamtukana kijana wetu Samson kwa kuanika dagaa mchangani badala ya juu ya chanja. Alikuwa anatukana vizuri, watu wanacheka. Katikati ya tusi maneno yakaharibika. Samson akacheka akijua ni mzaha, akasema "tajiri leo unatukana kwa lugha ya wapi?" Mimi nikamtazama mdomo, umeshuka kulia. Nikamwambia nyanyua mikono. Wa kushoto ukapanda. Wa kulia haukutoka kwenye paja. Nikamwuliza jina la mama yake, akasema kitu, siyo Marsiana.

Barua yako ya juzi aliisoma. Alisema Alhamisi nafunga kambi, siku mbili si kitu.

Ufunguo wa stoo ya petroli anauvaa shingoni. Vijana wamekataa kuvunja kufuli, wamesema tajiri hajasema. Na yeye alikuwa ananikataza kwa mkono wa kushoto, anausukuma hivi. Nimeuvua ufunguo shingoni mwake huku anaushika. Kama ni wizi, mwizi ni mimi Ndikumana, wala sio wao. Nimetoa lita arobaini. Boti ni ile nyepesi yenye mashine kubwa, anaendesha Leonardi, Samson amemshika kwa ubavu. Hajala, hajanywa. Mmoja alileta mawese nikamfukuza.

Barua hii naifunga kwenye mfuko wa shati lake. Napanda kilimani kukupigia. Mungu, Imana, awafikishe.

Ndikumana


Kasingirima, Ujiji
Alhamisi, 4 Julai 2024

Kaka Jonathan,

Shikamoo.

Recho ameniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba tangu ufike Mwandiga unatembea uani bila fimbo, na maneno yanakuja ingawa yanachelewa. Nimefurahi, na nisingependa usome barua hii bila kujua hilo. La pili, kwamba umemtumia Ndikumana salamu kuwa hana kazi, kwa sababu alikuvua ufunguo mbele ya vijana.

Hukuwa na akili ya kutazama saa siku ile, kwa hiyo nakupa saa zako. Leonardi alifika mwaloni saa nne na dakika arobaini. Mimi na Wilfred tulikuwa tumekaa kwenye bajaji tangu saa tatu, na daktari alishajua unakuja. Saa tano kasoro dakika tatu ulikuwa mlango wa hospitali. Daktari aliisoma barua ya Ndikumana huku kitanda kinasukumwa, akasema, "Aliyeandika hii ni muuguzi?" Nikamwambia ni mvuvi. Saa tano na robo picha ilikuwa tayari, hakuna damu, mshipa umeziba. Presha yako ikashushwa kwanza. Saa tano na dakika arobaini na tano sindano ya kuyeyusha donge ikaanza kuingia. Zilikuwa zimepita saa nne na dakika tano tangu tusi lako likatike. Zilibaki dakika ishirini na tano. Vijana wako wangeendelea kubishana kuhusu ufunguo kwa nusu saa zaidi, leo Recho angekuwa anakulisha kwa mrija.

Daktari aliniambia kwamba wapo wanaofika mapema na dawa isiwasaidie, au iwadhuru. Wewe imekusaidia. Siku ya tatu ulitamka jina la mkeo.

Sasa nikwambie nilichokuwa nakificha, maana sikutaka kukisema mbele ya wauguzi. Jioni ile, baada ya sindano yako, nilimfuata Daktari Dismasi kwenye korido. Nikamwuliza dawa hii ililetwa lini. Akasema si kila wakati inakuwepo, ni ghali, huletwa chache. Nikamwuliza tena, lini. Akasema Mei.

Mei, Kaka. Tarehe tano Juni dawa ilikuwa kwenye kabati. Robo saa kwa bajaji, na bajaji ilikuwa inanguruma getini.

Unataka kumfukuza Ndikumana. Nifukuze mimi. Mimi nilikuwa na miguu miwili, nina macho, nilimwona Mama akiukosa mwiko mara tatu, na nikakaa na simu mkononi kama mwanafunzi anayesubiri kengele. Ndikumana alikuona unakataa, akakuvua ufunguo. Mimi hata kukataliwa sikukataliwa, nilitumiwa ujumbe tu. Kila usiku naisikia ile bajaji ikizimwa. Wewe unasikia nini?

Shule imefunguliwa Jumatatu. Jumamosi Wilfred atamleta Mama kwako Mwandiga, nimeshakubaliana na Recho. Simleti ili nipumzike. Namleta ukae naye asubuhi mpaka jioni, umsikie.

Namba yako bado nimeifunga.

Elida


Mwandiga
Jumapili, 21 Julai 2024

Elida mdogo wangu,

Barua hii imenichukua siku nne. Naandika kwa mkono wa kulia, daktari amesema niulazimishe. Recho alitaka kuniandikia, nikakataa. Usihesabu makosa, wewe si mwalimu wangu.

Nina hasira. Nilidhani nina hasira na Ndikumana. Nilikaa hapa wiki mbili nikipanga nitakavyomwambia mbele ya watu wote, na kila nikilijaribu tusi mdomoni lilinitoka vipande. Jumanne alikuja mwenyewe na ufunguo, akauweka mezani, akasema, "Tajiri, mali yako hii." Nilimwambia aurudishe kambini. Nilitaka kusema autundike kwenye msumari mlangoni mwa stoo, mahali ambapo kila mtu anaufikia. Neno msumari halikuja. Nikanyoosha kidole ukutani, nikagonga gonga. Alinisubiri. Baadaye akasema, "Msumari?" Nikaitikia kwa kichwa. Yule mtu nilimwajiri kwa sababu haongei sana. Sasa natamani kila mtu awe kama yeye, maana wengine wananimalizia maneno wanayotaka wao.

Karatasi yako ya zile dalili ameibandika kwa gundi juu ya msumari. Samson anaisoma kwa sauti kila jioni kabla vipe havijaingia majini, na anaiga mdomo wangu ulivyopinda. Leonardi ananiambia anauiga vizuri.

Ukoo nimeuita jana hapa Mwandiga. Hukuja, nimeelewa. Nilisema mambo machache kwa sababu ni machache ninayoweza. Nilisema ile amri ya kungoja neno langu imekufa. Atakayeona mtu wa nyumba hii ameanguka ampeleke, aniambie akiwa njiani. Baba mdogo alicheka, akasema na sisi tulifanya hivyo hivyo kwa baba yako ukatununia miaka ishirini na tano.

Kuhusu ile jioni niliyokudanganya. Nilijua ni asubuhi. Nilipoandika barua ya kwanza nilikuwa nimeshajua ni kiharusi, Leonardi alilitaja neno hilo. Nilihitaji awepo mtu mwingine wa kulaumiwa, na wewe ulikuwa karibu.

Mama analetwa nje baada ya chai, anakaa upande wangu wa kushoto. Mimi nafanya mazoezi ya kubana mpira, yeye ananitazama. Hajapata neno jipya. Leo asubuhi Recho alikwenda kanisani, tukabaki wawili. Nilijiandaa tangu usiku ili maneno yasinikatikie. Nikashuka kwenye kiti, nikapiga magoti, jambo ambalo upande wa kulia haukulipenda. Nikamwambia, "Mama, dawa ilikuwepo. Ni mimi nilisema usipelekwe. Nisamehe."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniwekea mkono wa kushoto kichwani, akanitazama vizuri, akanijibu.

"Sabuni," akasema.

Jonathan